Kuchanganya Vitabu vya Safari, vya Mapenzi na vya Utunzi: Ushauri kwa Wasomaji wa Arua na Koboko

Msomaji akiachiwa achague mwenyewe, mara nyingi hurudi kwenye aina ileile ya kitabu. Aliyekesha na riwaya ya upelelezi hutafuta nyingine ya kumkesha, na aliyelizwa na kisa cha mapenzi hutafuta kingine cha kumliza. Hilo si kosa, lakini aina moja ikisomwa peke yake kasoro zake huonekana upesi. Riwaya ya safari na hatari hukimbia hadi ikasahau mioyo ya watu. Riwaya ya mapenzi hujifungia chumbani hadi dunia ya nje ikapotea. Na kitabu cha kufundisha utunzi kikisomwa bila hadithi pembeni yake, humwachia mtu kanuni asizojua pa kuzitumia. Aina hizi tatu zikisomwa kwa zamu, kila moja huziba pengo la nyingine, na msomaji wa Arua au Koboko ana sababu zake za kufanya hivyo ambazo mtu wa Dar es Salaam hana.

Kabla ya kununua chochote, Kiswahili cha msomaji kipimwe. Kiswahili cha West Nile kilikuja kwa njia ya jeshi la King's African Rifles, Wanubi wakakishika, na hadi leo kinafanya kazi katika biashara na watu wa Aru na Ariwara upande wa Kongo, bega kwa bega na Kilugbara, Kikakwa, Kilingala na Kiarabu cha Juba. Ni Kiswahili cha kusema, si cha kusoma. Anayeweza kushusha bei ya gunia la maharage kwa lugha hiyo anaweza bado kukwama kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya ya Unguja. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ukaipa nafasi darasani. Matokeo yake, nyumba moja huweza kuwa na binti anayejua ngeli zote lakini anaona haya kuongea, na baba anayeongea bila kuchoka lakini ngeli hazimhusu. Wawili hao wakisoma kitabu kimoja kwa sauti, kwa kupokezana, watafika mbali kuliko kila mmoja akisoma peke yake.

Mlango mwepesi ni riwaya za upelelezi za Tanzania Bara. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, ina sentensi fupi na kisa kinachomvuta msomaji kwa mkono. Baada yake zinafuata za Elvis Musiba, zenye jasusi Willy Gamba, kama vile Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na za Ben Mtobwa zenye Joram Kiango. Wapo walimu wanaozidharau kuwa ni vitabu vya vijiweni. Dharau hiyo haina msingi: msomaji aliyemaliza riwaya tano za Musiba kwa hiari yake anajua Kiswahili kingi kuliko aliyelazimishwa kumaliza moja ya mtihani. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, yenye mpelelezi Bwana Msa, ingoje. Ni nzuri kuliko nyingi, ila Kiswahili chake cha Unguja ni kizito, na anayeanza nacho huenda akadhani tatizo ni lake. Kamusi iwe karibu, lakini isifunguliwe kwa kila neno. Neno geni lipigiwe mstari kwa penseli, kusoma kuendelee, na mwisho wa sura yatafutwe yale tu yaliyozuia maana.

Baada ya upelelezi zije safari, na hapa msomaji asijinyime masimulizi ya kweli. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu cha mtu anayekwenda bara kwa miaka mingi akitafuta pembe za ndovu, akipigana, akikopa na kulipa. Kisomwe kwa jicho kali, kwa sababu msimulizi anataja watumwa na mateka kwa utulivu uleule anaotajia uzito wa pembe. Salim bin Abakari naye alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia, na masimulizi hayo yamo katika mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Humo Mswahili ndiye mgeni anayewashangaa watu wa baridi, jambo lisilopatikana kwa urahisi katika vitabu vya safari vya enzi ile. Wanaotaka hadithi za kubuni za kale wanaweza kutafuta Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri za miaka ya 1920 za Stevenson na Haggard, ambazo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilizisoma. Ya kwanza bado inasisimua. Ya pili inafaa zaidi kama somo la jinsi Mzungu wa karne ya 19 alivyoliota bara hili.

Kwa msomaji wa West Nile, kilicho karibu zaidi katika rafu hii ni Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 2013. Shafi anasimulia ujana wake, alipotoka Zanzibar na kuelekea kaskazini kwa kupitia Kenya, Uganda na Sudan, akiwa na fedha kidogo na hamu kubwa ya kufika Ulaya. Anayeishi Koboko anaijua njia ya namna hiyo bila kuelezwa: vituo vya mpakani, karatasi zinazokaguliwa na kukaguliwa tena, mwenyeji asiyefahamika anayempa mgeni pa kulala. Wapo wengi mjini waliofika kwa miguu kutoka Yei au Kaya, na kitabu hiki huzungumza nao moja kwa moja.

Ipo rafu nyingine ya safari, ya Kiingereza, ambayo West Nile ndiyo uwanja wake. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi aliyopewa Leopold wa Ubelgiji aishike maisha yake yote. Alipofariki Desemba 1909, na kabla Sudan haijaipokea mwaka 1910, wawindaji haramu wa ndovu walimiminika. Mmoja wao, W. D. M. Bell, aliyaandika katika The Wanderings of an Elephant Hunter, na John Boyes katika The Company of Adventurers. Januari 1910 Theodore Roosevelt naye alipiga kambi ukingoni mwa Nile akiwinda vifaru weupe, mahali ambapo jina la Rhino Camp limebaki. Yamo katika African Game Trails. Upande wa kusini wa Lado uliingizwa Uganda mwaka 1914, mwaka uleule Arua ilipoanzishwa kuwa makao ya wilaya. Vitabu hivi visomwe, ila kwa maswali matatu mkononi. Nani anabeba mizigo? Nani ana jina na nani hana? Wenyeji wanasema nini, na ni nani anayewasemea? Atakayeyajibu kwa kurasa chache tu atagundua kuwa watu wengi waliokuwa hatarini katika visa hivyo hawakupewa hata sentensi moja. Zoezi lisilo na kifani kwa anayejifunza kuandika ni kuchukua sura moja ya Bell na kuisimulia upya kwa mdomo wa mpagazi.

Rafu ya mapenzi inahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu ubora wake hutofautiana sana. Kigezo rahisi cha kuchagua ni kikwazo. Kisa ambacho wapendanao wanatenganishwa na kutoelewana tu, jambo ambalo dakika mbili za simu zingelimaliza, hakistahili fedha. Kisa ambacho kikwazo chake ni mahari, dini, ukoo, umaskini au siasa, kinamfundisha msomaji jamii nzima. Vuta N'kuvute ya Shafi, ya mwaka 1999, ndicho kielelezo. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa mzee asiyempenda, anampenda Denge, kijana Mwafrika aliyezama katika harakati za kupinga ukoloni. Hakuna anayehitaji kueleza kwa nini mapenzi hayo ni magumu. Mji mzima unaeleza. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu, na kundi la wasomaji linaweza kuitazama baada ya kitabu, si kabla. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa mashuleni Tanzania kwa jinsi ilivyosema wazi kuhusu malezi na miili ya wasichana. Inafaa kwa wanafunzi wa vidato vya juu na wazazi wao, tena wakisoma kwa wakati mmoja, kwa kuwa mtuhumiwa mkuu humo ni baba mkali.

Kwa watoto wadogo mapenzi yasubiri. Hekaya za Abunuwasi zinatosha, na kwa wanaosoma Kiingereza vipo vitabu vya Moses vya Barbara Kimenye, vyenye vituko vya shule ya bweni ambavyo mwanafunzi yeyote wa bweni la Uganda atavitambua. Mradi wa African Storybook hutoa hadithi za bure mtandaoni, zikiwamo za Kilugbara, ambazo mwalimu anaweza kuzipakua kwenye simu.

Vitabu viwili vinastahili kukaa katikati ya rafu zote, kwa kuwa safari na mapenzi havitenganishiki ndani yake. Cha kwanza ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa mwaka 2022 baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, anakwenda bara na msafara wa biashara, na kurudi kwake kunamkutanisha na Amina, naye akiwa amefungwa kwa deni. Ajabu ya riwaya hiyo ni kwamba msafara unachosha na kutisha, lakini mgogoro wa kweli unangoja nyumbani, ndani ya bustani. Cha pili ni Lak Tar ya Okot p'Bitek, aliyoiandika kwa Kiacholi akiwa kijana na kuichapisha mwaka 1953. Kwa Kiingereza inaitwa White Teeth. Okeca Ladwong anampenda msichana, hana mahari, anakwenda Kampala kuitafuta, na anarudi mikono mitupu. Wazee wengi wa Lugbara na Alur waliokwenda kukata miwa Kakira na Lugazi wangeweza kuisimulia hadithi hiyo kwa kubadili majina tu. Anayetaka kujua jinsi penzi linavyoweza kuwa injini ya safari asome hiki kabla ya kitabu chochote cha kanuni.

Vitabu vya kufundisha utunzi ni vichache kwa Kiswahili, lakini kimoja kimedumu. Sheria za Kutunga Mashairi ya Kaluta Amri Abedi, iliyochapishwa mwaka 1954 pamoja na diwani yake, inafafanua vina, mizani na mpangilio wa beti kwa namna ambayo fundi anamwonyesha mwanagenzi. Hata asiyetaka kuwa mshairi hunufaika, maana kuhesabu mizani humzoesha mtu kusikia sentensi zake. Kwa hadithi, kilicho karibu na mazingira ya Uganda ni The Essential Handbook for African Creative Writers cha Goretti Kyomuhendo, cha mwaka 2013, kinachogusa uandishi wenyewe na pia uchapishaji. Miongozo ya Marekani na Uingereza imejaa sokoni na mingine ni mizuri, ila ushauri wake kuhusu mawakala na wachapishaji haumsaidii sana mtu wa Arua; sura hizo zirukwe. Kitabu cha utunzi kisisomwe mfululizo kama riwaya. Isomwe sura moja, kifungwe, zoezi lake lifanyike kwenye daftari, na sura ya pili ifunguliwe zoezi likishakamilika. Mwenye miongozo minne na daftari tupu hajaanza.

Kila rafu ina zoezi lake. Baada ya riwaya ya safari, mwandishi aandike njia moja anayoijua, tuseme kutoka Koboko hadi Oraba, au basi la usiku kutoka Arua kwenda Kampala hadi linapovuka daraja la Pakwach, bila kutumia neno lolote la hisia. Msomaji aione hofu katika vitu na matendo. Baada ya riwaya ya mapenzi, aandike majibizano ya watu wawili wanaopendana wakiongea habari za mbuzi wa mahari, na asiwaruhusu kutamka kuwa wanapendana. Haya mawili yakiunganishwa huzaa hadithi fupi mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia. Mpaka wenyewe unasaidia: Wakakwa wamegawanywa na nchi tatu, na mpenzi aliyeko Yei au Ingbokolo yuko karibu kwa ukoo na mbali kwa karatasi.

Malighafi kubwa zaidi ya mwandishi wa hapa imo majumbani. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na vita vikafuata, familia nyingi za West Nile zilivuka kwenda Zaire na Sudan zikakaa huko miaka. Kyomuhendo katika riwaya yake Waiting, ya mwaka 2007, anaonyesha kijiji cha Hoima kikiwangoja kwa hofu askari wanaokimbia kuelekea kaskazini. Riwaya za upande wa pili, wa waliovuka mpaka na watoto mgongoni, bado zina nafasi kubwa. Kizazi cha pili cha visa hivyo kimo katika makambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Anayekwenda kuuliza aende kwa adabu. Aeleze mapema kuwa anaandika, aombe ruhusa, abadilishe majina na vijiji, na akatae kumbana mtu anayenyamaza. Kuhusu mambo kama mauaji ya misheni ya Ombachi ya Juni 1981, waliofiwa wapo na wanasoma. Hadithi ya kubuni isiwape wafu wao maneno ambayo ndugu zao watayakana. Katika visa vya mapenzi hatari ni ndogo lakini ipo: mji wa Koboko ni mdogo, na mhusika mwenye duka la dawa karibu na soko atatambuliwa kabla ya wino kukauka.

Kuvipata vitabu kunahitaji mpango. Vya Kiswahili huuzwa Kampala kwa uchache, vingi vikitoka kwa wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, na njia ya kawaida ni kuagiza kwa mtu anayesafiri au kwa kifurushi cha basi. Kabla ya kulipa nakala ya mitumba, zihesabiwe kurasa za mwisho na zitazamwe zile za katikati. Nakala za kunakiliwa kwa mashine mara nyingi hukosa kurasa kadhaa kwa mkupuo, na upelelezi usio na ukurasa wa mwisho ni adhabu. Nyumbani adui ni mchwa. Rafu isiguse ukuta wa udongo wala sakafu, na vitabu vitolewe vikapigwe hewa mvua zinapokatika. Wanafunzi na walimu walio karibu na Chuo Kikuu cha Muni waulize utaratibu wa maktaba kabla ya kununua.

Nafuu kubwa ni kundi la wasomaji. Watu sita wakinunua vitabu sita tofauti, viwili kwa kila rafu, na kubadilishana kila mwezi, wana usomaji wa nusu mwaka kwa bei ya kitabu kimoja kila mmoja. Kundi lisizidi watu kumi, liwe na siku isiyobadilika, na lisome pia kazi za wanachama. Chama cha waandishi wanawake cha Femrite, kilichoanzishwa Kampala katika miaka ya 1990, kimekuwa na kikao cha Jumatatu jioni kinachopokea msomaji yeyote, na waandishi kadhaa wanaojulikana leo walipitia humo wakikosolewa. Kanuni moja ya kuiga: mwenye hadithi anyamaze wakati inajadiliwa. Akianza kujitetea, kikao kimekwisha.

Atakayefika mahali pa kuwa na mswada kamili kwa Kiswahili aifahamu Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inayopokea kazi za kubuni na mashairi, hata miswada isiyochapishwa, bila kujali uraia wa mwandishi. Anayetaka kujichapishia apate namba ya ISBN kutoka Maktaba ya Taifa ya Uganda kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, na akabidhi nakala zinazotakiwa kisheria. Hakimiliki ya kazi yake inalindwa na sheria ya mwaka 2006 tangu inapoandikwa, kwa maisha yake yote na miaka 50 baadaye. Kusajili si sharti, lakini hurahisisha ushahidi ugomvi ukizuka. Mkataba wa mchapishaji usomwe hadi mstari wa mwisho, na mambo matatu yatafutwe humo: mrabaha ni asilimia ngapi na hulipwa lini, mchapishaji amepewa haki kwa miaka mingapi, na nini kinatokea kitabu kikiisha sokoni bila kuchapishwa tena. Kifungu kinachomtaka mwandishi kuuza hakimiliki yote kwa malipo ya mara moja kikataliwe, au bei yake iwe kubwa kiasi cha kuhalalisha. Haki za tafsiri ziandikwe peke yake, kwa sababu hadithi ya Koboko iliyoandikwa kwa Kiswahili inaweza kutakiwa kwa Kikakwa au Kifaransa ng'ambo ya mpaka kabla haijatakiwa Kampala.